Uzi wa Saba

Juma la tano, mtaala unasema: choro.
Naandika neno ubaoni, chaki inavunjika,
na Bileru, dawati la nyuma, anauliza
kama leo tunachora.
Darasa linacheka. Nami nacheka.
Kwa Kireno, nawaambia, choro ni kilio,
ila kilio chenye miguu myepesi,
kama mfiwa aliyekumbuka kichekesho cha marehemu
katikati ya matanga
akashindwa kujizuia.

Magitaa tunayo sita, wanafunzi kumi na tisa.
La saba ni langu. Nililinunua Kampala
kwa mpiga dansi aliyeokoka,
akanikabidhi kwa ncha za vidole, kama anayetoa nyoka.
Watu wa choro wanataka uzi mmoja zaidi, wa besi,
uzunguke nyuma ya wimbo
kama mama anayefagia wageni wakiwa bado wanakula.
Nikamwendea fundi vitanda, akatoboa kichwa cha gitaa,
kisha gereji ya pikipiki, nyuma ya soko la Arua,
wakanikatia waya wa klachi.
Unakwaruza. Unanguruma.
Jua likiwaka unalegea.

Gumba, nawafundisha, ni ngoma kubwa.
Vidole vitatu ni ngoma ndogo.
Visisubiriane.
Gumba linakanyaga pigo,
vidole vinalikwepa kama mbuzi anavyokwepa dimbwi.
Wiki mbili mikono imegoma.
Candiru, mwenye masikio kuliko sisi sote,
anavipiga vyote pamoja, pu, pu, pu,
kama anatwanga muhogo,
halafu anautazama mkono wake
kama mkono wa jirani.

Ndipo Ongiertho wa Pakwach, asiyesema,
anayekaa dirishani kwa sababu ya pumu,
analiegemeza gitaa kifuani, shingo juu,
kama adungu,
na gumba linaanza kwenda zake.
Vidole vinazungumza mambo mengine kabisa.
Si choro. Si samba. Hakimo mtaalani.
Lakini mkono ni huohuo.
Nani kakufundisha?
Baba mdogo, Mwalimu. Alinifunga gumba kwa kitambaa
nipige vidole tu. Mwezi uliofuata
akafunga vidole, nipige gumba tu.
Siku moja akafungua vyote,
akaenda kulala.

Alikuja mkaguzi wa mitaala, viatu vinang'aa
hadi vumbi letu likaona haya.
Kwa nini Brazili? akauliza. Mbona mbali?
Nilikuwa na jibu la ofisini, lenye malengo manne.
Nikalisahau.
Nikamwambia meza aliyoegemea ni neno la Kireno,
na bendera ile uwanjani,
na leso aliyojifutia jasho,
na kanisa lao sisi tukaliita gereza.
Lugha hiyo ilipita pwani na mizinga
ikatuachia fanicha.
Gitaa ikalipeleka ng'ambo ile nyingine,
kulikopelekwa watu kwa minyororo,
na labda ni watu hao waliolitia gumba.
Labda, nikarudia. Ushahidi sina,
ni mkono tu unaoshuku.
Akaandika kitu. Sikukiona.

Sasa ni mitihani.
Swali la tatu: Eleza sifa tano za choro. Alama kumi.
Candiru amejaza kurasa mbili, tarehe zote zipo.
Bileru amechora gitaa, chini yake ameandika: choro.
Ongiertho ana sentensi moja:
"Gumba halijui kwamba kuna msiba."

Umeme umekatika tangu saa mbili,
tochi ya simu imebaki na moto kidogo.
Mwongozo wa usahihishaji hauna pa kuiweka.
Sifuri siwezi. Kumi naogopa.
Nimechomeka kalamu nyekundu sikioni,
nimelipakata gitaa.
Waya wa klachi umelegea tena.
Naukaza robo, naujaribu kwa gumba, gizani.
Unasema do.
Karibu na do.